Wageni wa Kudumu wa Laikipia

Kenya haina sokwe wa mwituni. Kakamega kuna mbega na kima, kando ya Mto Tana kuna mbega wekundu wasiopatikana kwingine popote duniani, na kwetu Pwani tumbili hushinda wakikimbizana juu ya mabati mchana kutwa. Lakini sokwe, hata msitu mmoja hauna. Waliwahi kuwapo zamani sana: mwaka 2005 watafiti Sally McBrearty na Nina Jablonski walitangaza kwamba meno yaliyochimbuliwa karibu na Ziwa Baringo yalikuwa ya sokwe aliyeishi huko zaidi ya miaka 500,000 iliyopita. Kwa hiyo ukisikia kwamba nje kidogo ya Nanyuki, katika nyika ya migunga na leleshwa, kuna sokwe wanaolala vyumbani na kunywa uji asubuhi, swali la kwanza ni moja tu: walifikaje?

Swali hilo ndilo lililonipandisha matatu ya Nanyuki kabla ya alfajiri. Thika tuliipita gizani. Sagana kukapambazuka, na Karatina akina mama wakatuzingira madirishani na mafungu ya karoti na ndizi. Kiganjo nilikuwa nimeshavaa sweta la pili, maana mtu wa Pwani na baridi ya Mlima Kenya hawajawahi kuelewana. Nanyuki mlima ulikuwa wazi, theluji juu, na abiria aliyekaa kando yangu akaniambia nipige picha haraka kwa sababu saa nne mawingu yangeufunika. Alisema kweli.

Ol Pejeta ni hifadhi ya ekari 90,000 na haiingiwi kwa miguu, basi nikakodi gari mjini. Dereva wangu alikuwa ameshapeleka wageni huko kwa miaka mingi, na wote, alisema, huuliza vifaru kwanza. Si ajabu. Hapo ndipo wanapoishi Najin na Fatu, vifaru weupe wa kaskazini wawili pekee waliobaki duniani, na hapo ndipo dume wa mwisho, Sudan, alipokufa Machi 2018. Baada ya vifaru wageni hutaka simba, kisha chakula cha mchana, na muda ukibaki hupita kwa sokwe nusu saa wakielekea getini. Mimi niliona mpango huo uko kichwa chini miguu juu, lakini dereva alikuwa na sababu zake.

"Mimi huwa nawasubiri garini," alisema. "Yule mnyama ananiangalia kama mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu."

Kituo kinaitwa Sweetwaters, na kisa chake kinaanzia Bujumbura. Taasisi ya Jane Goodall ilikuwa na makazi ya muda huko kwa ajili ya sokwe yatima walionyang'anywa wafanyabiashara. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, Burundi ikatumbukia vitani, na mji ambao wenyeji wake wenyewe walikuwa wakikimbia haukuwa tena mahali pa kulea sokwe. Ikabidi patafutwe kwingine. Mwenye ardhi ya Ol Pejeta, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya na taasisi hiyo wakakubaliana, na sokwe wa kwanza wakahamishiwa Laikipia. Wengine wakafuata kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2005, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, ulinaswa mzigo wenye sokwe wachanga uliokuwa umesafirishwa kwa magendo kutoka nchi hadi nchi; nao wakaletwa huku. Kila mmoja wao alikuwa na mama, na kwa kawaida mama hamwachi mtoto wake mpaka auawe. Mara nyingi wanaomtetea huuawa pamoja naye, nyama ikauzwa, na kitoto kikabaki kuwa bidhaa ya pili.

Nilikuwa nimeomba ruhusa mapema nione kazi ya asubuhi, ambayo wageni wa kawaida hawaioni. Mtunzaji aliyenipokea alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa ovaroli ya kijani na gambuti. Hakunisalimu kwanza. Aliuliza, "Una homa, dada? Kikohozi? Nyumbani kuna mtoto mwenye mafua?"

Nilipojibu hapana mara tatu ndipo aliponyoosha kiwiko tugonganishe, akanipa barakoa, akanionyesha beseni la dawa la kukanyagia. Ukali huo una sababu. Mwaka 2013 katika msitu wa Kibale, Uganda, kirusi cha mafua ambacho kwa binadamu huishia kwenye kamasi na kitambaa kiliua sokwe watano wa kundi moja. Sisi na wao tunafanana mno kwa damu na chembe za urithi. Magonjwa yetu hayahitaji visa kwenda kwao.

Jikoni palikuwa na joto, nikashukuru. Sufuria kubwa ya uji ilikuwa inachemka: unga wa mahindi, wimbi na soya, na maziwa yakaongezwa mwishoni. Pembeni vijana wawili walikuwa wakikata kabichi, viazi vitamu, karoti na miwa, kila kitu vipande vikubwa vikubwa. Nikauliza kwa nini wasikate vidogo. Mtunzaji akasema kipande kidogo humalizika haraka, na sokwe aliyemaliza kula haraka ana siku nzima ya kutafuta ugomvi. Msituni sokwe hutumia saa nyingi kila siku kutafuta na kutafuna chakula. Hapa chakula kinaletwa, basi kazi ya mtunzaji ni kukifanya kichelewe: kingine hufichwa ndani ya gogo lenye matundu, kingine hutupwa penye nyasi ndefu, kingine hutiwa kwenye bomba ambamo mkono hauingii mpaka utafute kijiti. Ilikuwa Novemba 1960, kule Gombe, Kigoma, ambapo Jane Goodall alimwona dume aliyempa jina la David Greybeard akivua mchwa kwa ubua wa nyasi, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya kuhusu nani anatengeneza zana. Hapa Laikipia jambo hilo hilo ni shughuli ya Jumanne asubuhi, na mtunzaji analalamika kwamba bomba moja halidumu hata mwezi.

Tukabeba uji. Vyumba vya kulala ni vya saruji na vyuma, vina rafu za mbao, nyasi kavu na machela ya kuning'inia. Kelele zilianza kabla hatujafika mlangoni, zikipanda kutoka mguno hadi ukelele mmoja wa pamoja unaotikisa kifua. Mtunzaji alipita chumba hadi chumba akiita majina, na kila aliyeitwa akaleta mdomo kwenye nondo. Wengine walichomoza mdomo wa chini mbele ukawa kama kijiko. Yeye alimimina kidogo kidogo huku macho yake hayako kwenye kikombe. Aliangalia pua, macho, vidole, namna mtu anavyotembea akija, na kinyesi sakafuni. Ndiyo, alisema mtu. Sikumrekebisha.

Jike mmoja mzee alipewa kikombe chake peke yake. Akanusa, akachukua funda, akalishikilia mdomoni akimtazama mtunzaji, kisha akalitema lote sakafuni, taratibu, bila hasira. Ndani mlikuwa na dawa ya minyoo.

"Amejua," mtunzaji akasema. "Jana niliitia kwenye asali akajua. Kesho itabidi niitie kwenye yai."

"Na akijua?"

"Basi mimi na yeye tutaanza upya, dada. Yeye hana haraka."

Hakuna anayeingia chumbani na sokwe mkubwa. Watu husema sokwe ana nguvu za watu watano. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017 vilionyesha kwamba msuli wake, uzito kwa uzito, una nguvu kama mara moja na theluthi tu ya wetu. Lakini hiyo "tu" inatosha, hasa ukiongeza meno, na ukikumbuka kwamba hajizuii anapokasirika. Kila mlango una mlango wa pili, na kufuli mbili. Mtunzaji hufunga, huvuta, hutaja kwa sauti kwamba amefunga, na mwenzake hurudia kuvuta. Nilidhani ni maonyesho kwa ajili ya mgeni mpaka nilipowaona wakifanya vivyo hivyo walipodhani nimekwenda zangu. Alinionyesha pia umbali wa kusimama: mkono wa sokwe uliotoka kwenye nondo, ongeza hatua. Nilisimama hatua mbili.

Asubuhi malango ya chuma huvutwa kwa nyaya kutoka nje, na sokwe hutoka. Kituo kina takriban ekari 250, na Mto Ewaso Nyiro unapita katikati, kundi moja upande huu na jingine upande ule. Kwa kawaida sokwe hawezi kuogelea. Mwili wake mzito huzama, kwa hiyo mto ni ukuta usiohitaji kupakwa rangi. Upande wa nchi kavu kuna ua wa nyaya za umeme. Kabla ya malango kufunguliwa, mtu mmoja huuzunguka akipima umeme na kukata matawi yanayokaribia waya, kwa sababu wafungwa wake wanafikiri. Tawi kavu likiachwa karibu, ipo siku litaegemezwa juu ya waya na kuwa ngazi.

Neno wafungwa lilinitoka mbele ya mtunzaji na halikumpendeza. Tulibishana kidogo tukitembea kando ya ua. Nilitaka kujua kwa nini wasirudishwe msituni, na alinijibu kwa uvumilivu wa mtu aliyekwisha kuulizwa mara elfu. Warudishwe msitu upi? Sokwe hulinda mipaka yao kwa damu. Gombe yenyewe, kuanzia 1974, kundi moja liliwamaliza madume wa kundi jirani lililojitenga nalo, mmoja baada ya mwingine, na hao walikuwa wanajuana tangu utotoni. Mgeni aliyelelewa na chupa hana nafasi. Kongo-Brazzaville, eneo la Conkouati, walianza mwaka 1996 kuwarudisha sokwe waliookolewa, na baadhi waliweza kuishi na hata kuzaa. Lakini ilihitaji msitu mkubwa wenye sokwe wachache na watu wa kuwafuatilia kwa miaka. Laikipia hakuna msitu wa namna hiyo, wala Kenya nzima haina. Hawa hawatapelekwa popote. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, tunasema, lakini mgeni ambaye hawezi kulima wala kuondoka unampa nini?

Unampa kijiti, kwa kuanzia. Majike wote waliofikia umri wa kuzaa wamewekewa vijiti vya uzazi wa mpango chini ya ngozi ya mkono, vile vile wanavyowekewa akina mama kliniki. Wageni wengi, mtunzaji alisema, huhuzunika wakisikia hivyo. Wanataka kuona vitoto. Lakini kila atakayezaliwa hapa atakuwa wa hapa maisha yake yote, na atakuwa amechukua chumba cha yatima ambaye leo hajakamatwa bado. Sokwe anayetunzwa vizuri huweza kupita miaka 50. Kumwokoa ni kazi ya siku moja, yenye ndege, mawaziri na waandishi wa habari. Kinachofuata ni viazi vitamu kwa nusu karne, na hakuna mwandishi anayepanda matatu kwa ajili ya viazi vitamu.

Mimi mwenyewe, ukweli ni kwamba visa vikubwa ndivyo nilivyovijua kabla ya kwenda. Nilikuwa nimesoma habari za Poco, aliyefungiwa miaka mingi katika kizimba chembamba kiasi cha kusimama tu, kikaning'inizwa kwenye gereji mjini Bujumbura ili kivute wateja. Alipofika Ol Pejeta mwaka 1995 na kupewa nafasi ya kukimbia, akawa anatembea kwa miguu miwili, wima, mara nyingi kuliko sokwe mwingine yeyote. Mwili ulikuwa umelijua umbo la kizimba. Na habari za Manno, aliyekuwa peke yake katika bustani ya wanyama ya Duhok, kaskazini mwa Iraq, akivalishwa nguo za watoto, akilishwa peremende na soda, na wageni wakimpa sigara wacheke akivuta. Mwalimu mmoja Mkanada, Spencer Sekyer, alimkuta huko alipokwenda kujitolea na akang'ang'ana mpaka akapatiwa njia ya kutoka. Manno alifika Laikipia mwishoni mwa 2016, akiwa na umri wa takriban miaka minne.

Nilimwomba mtunzaji anieleze sehemu ambayo magazeti hayakuiandika. Akaniambia kwamba kufika si mwisho. Sokwe aliyekulia kwa watu hajui adabu za sokwe. Hajui kuinama mbele ya dume mkubwa, hajui kunyoosha mkono kuomba radhi, hajui kwamba nywele zikisimama mabegani mwa mwenzake ni wakati wa kuondoka. Akiingizwa kwenye kundi hivyo hivyo anaweza kuuawa siku hiyo hiyo. Basi kwanza ni karantini, kisha chumba cha jirani ambako anawaona na kuwanusa kupitia wavu. Halafu jike mmoja, mpole, aliyechaguliwa kwa tabia yake. Wakianza kuchambuana manyoya, analetwa wa pili. Dume mkubwa huja mwisho kabisa, na siku hiyo watunzaji wote hukaa karibu na mpira wa maji, hakuna anayekwenda kula. Inaweza kuchukua miezi. Anayemfundisha mtoto kuwa sokwe ni yule jike wa kwanza. Watunzaji hufungua na kufunga milango tu.

Adhuhuri wageni walikuwa wameanza kufika, nasi tukasimama nao nyuma ya kamba, mbali na ua. Chakula cha mchana hurushwa juu ya waya. Nilidhani hurushwa ovyo. Baada ya dakika chache nikaona mpangilio: maboga matatu makubwa yalikwenda kulia kabisa, madume yakayafuata kwa kishindo, na hapo ndipo kabichi na karoti ziliporushwa kushoto kwa majike na wale wasio na cheo. Mtunzaji aliyerusha alikuwa na mkono wa mchezaji wa kriketi. Dume mmoja mwenye mgongo wa kijivu alibeba boga moja kwa kila mkono na la tatu akalikalia, akabaki hivyo, hawezi kula lolote. Jike mdogo akamsogelea, akakaa, akaanza kumchambua nyuma ya sikio kwa bidii kubwa. Dume akafumba macho. Mkono wa pili wa yule jike ukashuka taratibu, ukachukua kipande cha boga kilichopasuka chini yake, na uchambuzi ukaendelea bila kukatika hata sekunde moja.

Mtoto mmoja wa shule akapiga makofi. Dume akafumbua macho, akatutazama sisi badala ya jike, akaokota jiwe. "Rudini nyuma, watoto," mwalimu wao akasema, na jiwe likapita juu ya vichwa vyetu likagonga kibao cha maelezo. Mtunzaji akaniambia kibao hicho ni cha tatu.

Nilimuuliza amefanya kazi hii muda gani. Tangu akiwa kijana, alisema, kabla hajaoa. Wako aliowalisha kwa chupa ambao sasa ni wakubwa wa kundi, na wakati wa janga la korona mwaka 2020, wageni walipokatika na mapato ya tiketi yakakatika nao, yeye na wenzake waliendelea kupika uji kama kawaida kwa sababu tumbo la sokwe halijui habari za mipaka kufungwa. Mwanawe anasoma chuo Nyeri na hataki kazi hii. "Nitastaafu niwaache hapa," alisema. "Huyu," akamwonyesha kijana mmoja wa jikoni, "huyu ndiye watakayenizika naye mimi." Kisha akacheka mwenyewe kwa jinsi alivyolisema.

Jioni hugongwa debe. Sauti hiyo inajulikana, na kabla ya giza sokwe hurudi vyumbani kwa mlo wa mwisho, wanahesabiwa kwa majina, malango yanashuka. Wengi waliingia wakisukumana. Wakabaki wawili, kisha mmoja, dume kijana aliyekaa juu ya jiwe mita ishirini hivi kutoka langoni, amekunja mikono, anatazama mtoni.

Mtunzaji akamwita kwa jina. Akamwita tena kwa upole. Akamwonyesha karoti, yule akajikuna. "Mkono mtupu haulambwi," kijana wa jikoni akasema, akakimbia kuleta ndizi mbivu mbili. Dume akageuka. Akasogea hadi mlangoni, akaingiza nusu ya mwili, mguu mmoja akauacha nje kwenye reli ya lango ili lisiweze kushuka, akanyoosha mkono apokee. Akapewa ndizi moja. Akaila, akarudi kwenye jiwe lake.

Dereva wangu alikuwa ameshawasha gari; geti la hifadhi lina saa zake. Aliteremka, akaja hadi kwenye kamba, karibu kuliko alivyowahi kusogea, akatazama saa, akamtazama sokwe.

"Hii ya pili mmpe akishaingiza mguu wote," alishauri.

"Tunajua," mtunzaji akajibu. "Hata yeye anajua."

Tuliwaacha hapo wakiendelea kupatana bei.